Majani ya alovera yamegeuka kahawia? Gusa kabla ya kumwagilia

Alovera, au mshubiri kama wengine wanavyouita, ni mmea wa nyumba nyingi mjini. Utaukuta kwenye ndoo ya rangi kibarazani, kwenye chungu cha kauri dirishani au kwenye kopo karibu na mlango wa jikoni. Siku majani yake yakianza kugeuka kahawia, wengi hudhani una kiu, wanauongezea maji. Mara nyingi hapo ndipo wanapoumaliza.

Asili ya alovera ni Rasi ya Arabuni, kwenye ardhi ya mawe na mvua haba. Majani yake manene ndiyo ghala lake la maji. Mizizi yake inahitaji hewa pia, na udongo ukibaki umelowa siku nyingi hewa inakosekana, fangasi wanashambulia na mizizi inaoza. Mzizi uliooza haunyonyi maji, ndiyo maana mmea uliozidishiwa maji huonekana kama wenye kiu.

Rangi peke yake haitoshi kukuambia tatizo. Tumia vidole.

Jani likiwa laini, linabonyea na limekuwa kama limechemshwa, hasa karibu na shina, maji yamezidi. Ukisikia na harufu mbaya, kuoza kumeshaanza.

Jani likiwa la kahawia au jekundu lakini bado gumu, hilo ni jua. Hutokea zaidi mmea unapotolewa ndani na kuwekwa ghafla kwenye jua kali. Usogeze penye mwanga lakini pasipo jua la mchana. Sehemu iliyokauka haitarudi kuwa kijani, ila majani mapya yatatoka mazima.

Jani likiwa jembamba, limejikunja na ncha zake zimekauka, hapo kweli una kiu. Mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha subiri udongo ukauke.

Mmea unaooza unaweza kuokolewa ukiwahi. Ung'oe, kung'uta udongo wote, kisha kata kwa kisu safi mizizi myeusi na majani yaliyolegea. Uache kivulini siku mbili tatu ili vidonda vikauke. Uoteshe upya kwenye udongo mkavu uliochanganywa na mchanga wa mto au kokoto ndogo. Mchanga wa pwani una chumvi, haufai. Kaa karibu wiki moja bila kumwagilia. Kama shina lote limeoza, angalia pembeni: vichipukizi vyenye mizizi yao vinaweza kuhamishwa. Usihangaike kupanda jani tupu, kwa kawaida huoza tu.

Chungu nacho kikaguliwe. Ndoo nyingi za rangi hazina tundu chini. Toboa matundu manne au matano kwa msumari wa moto, vinginevyo maji hayana pa kwenda. Baada ya hapo mwagilia pale tu unapoingiza kidole kwenye udongo na kukuta pakavu mpaka pingili ya pili. Msimu wa masika, mmea uliopo nje usogeze chini ya paa.

Kisha tazama kisahani kilicho chini ya chungu. Maji yanayoozesha mizizi ndiyo hayohayo yanayozalisha mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue. Mbu huyu hupenda maji machache yaliyotuama karibu na watu, na huuma mchana, wakati watoto wanacheza na hawapo kwenye chandarua. Kutoka yai hadi mbu kamili huchukua kama wiki moja. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019.

Kumwaga maji ya kisahani hakutoshi, kwa sababu mayai hung'ang'ania ukutani na huweza kukaa makavu kwa miezi. Kisugue kwa brashi angalau mara moja kwa wiki, au kiondoe kabisa. Mtoto akipata homa kali, maumivu ya viungo au nyuma ya macho, mpeleke kituo cha afya, na asipewe aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa, kwani kwenye dengue zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Majani uliyoyakata yatupwe. Jani lililooza lina vimelea, lisipakwe kwenye ngozi ya mtoto, hasa penye kidonda au alipoungua. Hata jani zima, utomvu wa manjano unaotoka chini ya ganda huendesha na kusokota tumbo. Mtoto asinyweshwe, na chungu kikae mahali ambapo anayetambaa hafiki.

Mara nyingi mmea huu huuawa na wema wa watu wengi. Asubuhi mama anamwagilia, mchana dada wa kazi, jioni baba akirudi anauonea huruma naye. Kubalianeni leo: mtu mmoja tu ndiye mwenye kazi ya kumwagilia, na huyohuyo ndiye atakayesugua kisahani.