Al-Inkishafi si Kilio cha Magofu

Kila itajwapo Al-Inkishafi, aghalabu mazungumzo huishia kwenye magofu. Atasimama msomi atueleze jinsi Pate ulivyokuwa na majumba ya fahari, vidaka vilivyopangwa vyombo vya Kichina na taa zilizowaka usiku kucha. Kisha atatikisa kichwa, naye msikilizaji atatikisa chake, na wote wawili wataondoka wakiusikitikia mji. Mimi nasema huko ni kuusoma utungo nusu, tena nusu ile isiyotudai kitu.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir hakusema na magofu. Alisema na moyo wake. Wataalamu wengi huuweka utungo huu mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Pate ulipokuwa umekwisha kunyong'onyea kwa vita na fitina. Naye alikuwa sharifu wa mji huo huo, wa kizazi cha Sheikh Abubakar bin Salim wa Hadhramaut. Basi hao waliokwisha kuingia kaburini hawakuwa kwake watu wa hadithi. Angeliweza kuwalaumu Walamu, waliowashinda watu wa Pate pale Shela mnamo 1812 hivi. Angeliweza kuwalaumu masultani na ugomvi wao wa kugombea kiti. Hayo hakuyashika. Aliugeukia moyo wake, mara kwa kuubembeleza, mara kwa kuukemea, akauuliza una nini hata hauzinduki.

Chuoni, tukiwa na mbao mapajani, tuliihifadhi Sura ya Takathur kabla hatujajua kushindana kwa wingi wa mali ni nini. Tulipokua tukaijua maana, na kujua kwenyewe hakukutuzuia kushindana. Walimu wetu walitwambia wako maulamaa wanaolihusisha neno insani na nisyani, yaani kusahau. Sitaki kuingia katika mabishano ya watu wa lugha, ila kwa tabia ya binadamu naona wamepata. Hakuna mtu mzima asiyejua kuwa atakufa. Analijua hilo kama ajuavyo jina lake, kisha akalala akaamka kana kwamba hakuambiwa.

Nenda makaburini siku yoyote. Maiti ndiyo kwanza afukiwe, talakini inasomwa, na nyuma ya watu utawasikia wawili wakinong'onezana bei ya kiwanja. Siku hizi wa tatu yuko na simu yake. Wala si watu wabaya. Wamekuja kwa mapenzi, jeneza wamelipokea begani kwa zamu, na dua wataitikia amina kwa dhati. Ni kwamba moyo umekwisha kutoka, umetangulia sokoni. Sayyid Abdallah aliujua moyo huo, na ndiyo sababu huzuni yake hainichoshi. Hakuipanda mimbari akatutolea kidole sisi.

Liko jambo jingine linalonisikitisha na kunifurahisha pamoja. Mtu huyu anayetwambia kuwa uzuri wa dunia ni wa kupita, tazama alivyoupamba utungo wake! Kila mshororo mizani 10, 6 kisha 4. Mishororo mitatu ya ubeti ina kina chake, na wa nne hufunga kwa kina kimoja tangu mwanzo hata mwisho. Ni kazi ya subira ile ile ya mafundi waliochonga chokaa za vidaka vya Pate. Hata yeye, basi, alitaka kitu chake kisimame. Na kimesimama: nyumba zimeanguka, utungo ukahifadhiwa vifuani na katika miswada, hata William Hichens akauchapisha London mwaka 1939. Sijui mshairi gani wa pwani, akiwa mkweli, atakayemlaumu kwa hilo.

Wako wanaosema mashairi ya namna hii huwavunja vijana nguvu. Kwamba kijana anahitaji kazi, si habari za kaburi. Kazi anahitaji, sikatai. Lakini ninaowaona wamevunjika nguvu si wasomaji wa Al-Inkishafi. Ni wale walioambiwa kuwa mtu ni alichonacho, kisha hawakukipata.

Ombi langu ni kwa wanaosomesha utungo huu, mashuleni na katika mabaraza yetu. Wasiruke moja kwa moja kwenye majumba na popo na buibui, kwa kuwa hapo ndipo penye picha nzuri, halafu wakazikimbia beti za mwisho kwa sababu zinataja mioto ya Jahanamu. Waanzie pale anapouita moyo. Mwanafunzi asome ubeti mmoja wa hapo, asome taratibu, na mwalimu anyamaze kidogo kabla ya kumwuliza maana ya maneno magumu.