Kabla ya Kununua Kitabu, Iulize Maktaba

Wazazi na wanafunzi,

Orodha ya vitabu vya muhula ikitoka, wengi wetu hukimbilia maduka ya mtandaoni au humwagiza shangazi anayekuja kutoka Dar es Salaam au Nairobi. Maoni yangu ni kwamba maktaba iulizwe kwanza. Kazi yenyewe ni ya dakika moja.

Fungua ukurasa wa kutafutia vitabu wa maktaba za jiji la Johannesburg, kisha uuhifadhi kwenye kivinjari kama alamisho. Ukiona kitabu unachokitaka, bonyeza alamisho na uandike ISBN, ile namba iliyo nyuma ya jalada. Utaona kama kipo, kama kimeazimwa, na kiko tawi gani. Nauli ya teksi ya kwenda Sandton bure utakuwa umeiokoa.

Kwa vijana wanaopenda kompyuta: mwaka 2002 Mmarekani Jon Udell alitengeneza alamisho yenye programu fupi ndani yake. Ukiwa kwenye ukurasa wa kitabu dukani, ukiibonyeza, inachukua ISBN kutoka kwenye anwani ya ukurasa na kuitafuta katika maktaba ya kwenu. Nani darasani atatutengenezea ya Johannesburg?

Namba ni bora kuliko jina, kwa sababu majina ya Kiswahili huandikwa kwa makosa mara nyingi ughaibuni. Lakini matoleo ya zamani, yaliyochapwa kabla ya 1970, hayana ISBN. Shaaban Robert, aliyefariki 1962, mtafute kwa jina lake. Na ukitafuta kwa mada, jaribu "Swahili" pia, siyo "Kiswahili" peke yake.

Mzazi mmoja atasema: "Nitapoteza muda tu, jibu litakuwa hakuna." Huenda ikawa hivyo kwa vitabu vingi. Lakini "hakuna" hiyo ina kazi. Mkutubi hawezi kujua kwamba kuna watoto wanaotaka vitabu vya Kiswahili ikiwa hakuna anayeviulizia. Serikali ya Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba Kiswahili kitakuwa somo la hiari shuleni. Basi kuomba vitabu vyake katika maktaba ya umma si kuomba upendeleo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Napendekeza kila familia itafute vitabu vitatu wiki hii. Vilivyopo, viazimwe. Visivyopo, mtoto aandike jina, mwandishi na ISBN kwenye karatasi, aipeleke mwenyewe kwa mkutubi wa tawi lenu, na amwombe kwa adabu vinunuliwe. Nakala ya karatasi hiyo ailete darasani Jumamosi, tujumlishe maombi yetu yawe orodha moja.