Barua ya wazi kwa NIMR: Njooni na pakiti za dawa

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,



Mwaka jana kijana mtafiti alifika kwetu Lizaboni, Songea, akamuuliza mama yangu: "Ndani ya siku 28 zilizopita umetumia dawa ya malaria?" Mama akajibu hapana. Kijana akaandika, akaaga. Jioni nikakuta kwenye kopo la majani ya chai pakiti ya dawa mseto ya malaria. Kati ya vidonge 24 vya njano, vimebaki vinane.

"Hiyo ya homa, mwanangu. Yeye kaniuliza ya malaria."

Mama hakudanganya. Alimeza siku mbili, akapata nafuu, vilivyobaki akaweka akiba.

Wako wengi kama yeye. Mwaka 2008, katika utafiti uliofanyika vijijini hapa Tanzania, wagonjwa 148 walisema hawakuwa wametumia dawa ya malaria kwa siku 28. Damu yao ilipopimwa, 110 walikutwa na angalau dawa moja. Ni kweli salfadoksini, mojawapo ya dawa zilizokutwa, hukawia mwilini, hivyo si kila mmoja wao alisahau. Lakini dawa mpya ikijaribiwa kwa mtu mwenye masalia ya nyingine, nguvu yake halisi tutaijuaje? Na sera ya matibabu ya watoto wetu inatokana na matokeo ya majaribio hayo.

Naomba watafiti wenu waje na pakiti zenyewe, mgonjwa azishike, aonyeshe kwa kidole. Waombe kuona kopo, bahasha na kadi ya kliniki. Siku 28 hazina maana kwa mkulima. Muulizeni tangu alipotia mbolea mahindi, au tangu kumbukizi ya Vita vya Majimaji mwezi Februari. Tena waulize kwa upole, maana wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa kwamba wamejitibu.

Wengine hununua dawa kwenye maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia mkoani kwetu Ruvuma mwaka 2003. Mgonjwa akiridhia, linganisheni kauli yake na kumbukumbu za duka alilonunua. Na pale jibu linapoamua hatima ya dawa, pimeni damu kwanza.

Mama yupo, na yuko tayari kuulizwa tena. Safari hii mwonyesheni pakiti.

Mkazi wa Lizaboni, Songea