Jina la Mama ya Mufalme



Ni majuma matatu sasa tunasoma vitabu vya Wafalme katika vikundi vyetu, na tunajua kwamba wengi wamechoka. Mufalme fulani akatawala, akafanya mabaya, akazikwa, mutoto wake akakaa pahali pake. Mama mumoja wa kikundi cha siku ya ine alisema ni kama kumusikia mwalimu anaita majina ya darasa asubuhi, na mutoto wako hayuko hata katika darasa lile. Tulicheka sana. Tulikuwa karibu kuviacha vitabu hivi na kurudi kwa Ruta.

Kilichotuzuia ni jambo dogo. Karibu kila mara mufalme wa Yuda anapoanza kutawala, mwandishi anatuambia alikuwa na miaka mingapi, alitawala miaka mingapi, na mama yake aliitwa nani. Muke wa mufalme hatajwi pale. Anayetajwa ni mama. Mara nyingi anaongeza jina la baba ya huyo mama na muji wake, kama vile sisi tunavyouliza mutu, "Wewe ni wa mama gani? Wa kwa nani?" Kwa wafalme wa Israeli ya kaskazini hafanyi hivyo, isipokuwa kwa Yeroboamu, ambaye mama yake alikuwa mujane jina lake Zerua. Lakini katika Yuda ni wawili tu ambao mama zao hawakuandikwa: Yoramu na Ahazi.

Wazee wa Waluba pia wanasimulia hivyo. Wanapoeleza namna Nkongolo Mwamba alivyoupoteza ufalme kwa sababu ya ukali wake, na namna Kalala Ilunga alivyoupata, hawasahau kusema kwamba Kalala alizaliwa na Bulanda, dada ya Nkongolo. Mufalme haanguki kutoka mbinguni. Ametoka katika tumbo la mutu.

Sasa tueleze kwa nini tunaandika juu ya jambo hili juma hili.

Mumoja wetu alizika mutoto katika kipindi cha mvua. Malaria, siku ine tu. Munamujua wengi wenu, na hatutaandika jina lake. Nyuma ya kilio, katika nyumba moja ya sala, aliambiwa kwamba mukono wa Mungu unafungwa pale ambapo kuna kutotii, na kwamba lazima alete sadaka ili ufunguliwe tena. Alikuja kuomba apewe zamu yake ya likelemba mbele ya wakati. Tulifikiri ni kwa ajili ya deni la hospitali, tukamupa. Kisha akaacha kuja. Hatutaji nyumba ile ya sala, kwa sababu mafundisho haya hayakai katika nyumba moja tu. Na tuseme kweli yote: kati yetu pia kuna waliosema chini-chini, wakipepeta bunga, "Lakini kwake kuna kitu." Alisikia.

Wanaofundisha hivyo hawakuitoa hewani. Waliitoa katika Maandiko haya haya tunayosoma, na hatuwezi kuficha. Sauli aliambiwa asibakishe kitu cha Waamaleki; akamuacha Mufalme Agagi hai na kuchagua ng'ombe wanono, akisema ni za kutoa sadaka. Samweli alimujibu kwamba Mungu anataka kusikiwa kuliko kuchomewa nyama, na ufalme ukaondoka kwake ukaenda kwa Daudi. (Muone kwamba Sauli ndiye aliyefikiri sadaka nzuri inaweza kulipia kutotii. Wale wanaoomba bahasha hawasomi mustari huo kwa sauti.) Mbele zaidi kuna Hezekia, aliyemutumaini Mungu wakati Senakeribu wa Ashuru alipokuja kuzunguka Yerusalema mwaka wa 701 mbele ya Kristo, na muji haukuanguka. Kwa hiyo ndiyo, vitabu vinasema kwamba kutii kunaleta kibali.

Lakini usifunge kitabu hapo. Fuata familia hii moja tu.

Ahazi alikuwa mubaya. Alimupitisha mutoto wake mwenyewe katika moto, na akatoa feza na zahabu za hekalu kumulipa mufalme wa Ashuru. Mutoto wake ni Hezekia, na mama ya Hezekia ni Abi, binti ya Zekaria. Kutoka katika nyumba ile ile ya moto ametoka mufalme muzuri kupita wote waliomutangulia katika Yuda. Alivunja sanamu, akavunja hata nyoka ya shaba ya Musa kwa sababu watu walikuwa wanaifukizia uvumba. Na sisi watu wa Katanga tunajua shaba si kitu cha kuvunja bila kufikiri. Kisha akagonjwa karibu na kufa, akalia akigeukia ukuta, na Mungu akamuongezea miaka 15.

Hapa chukua kalamu, mama, ufanye hesabu pamoja nasi. Hezekia alianza kutawala akiwa na miaka 25, akatawala miaka 29. Alikufa basi akiwa na miaka 54. Ondoa ile 15: aligonjwa akiwa na miaka 39. Na Manase, mutoto wake, alipoanza kutawala alikuwa na miaka 12. Maana yake alizaliwa ndani ya ile miaka 15 ya zawadi, miaka mitatu nyuma ya kupona kwa baba.

Na Manase huyo, mutoto wa maombi yaliyojibiwa, ndiye mubaya kuliko wote. Alirudisha sanamu zote, akamwaga damu isiyo na kosa mupaka Yerusalema ikajaa. Mama yake aliitwa Hefsiba, jina ambalo maana yake ni "ninapendezwa naye". Alitawala miaka mingapi? 55. Hakuna mufalme wa Yuda aliyekaa miaka mingi kama yeye. Kitabu cha Mambo ya Nyakati kinasema kwamba alipelekwa Babiloni katika minyororo, akajinyenyekeza na kurudishwa. Kitabu cha Wafalme hakisemi hata neno moja juu ya hilo. Kinaandika tu 55 na kuendelea.

Amoni, mutoto wa Manase, tumupite haraka: miaka miwili, watumishi wake wakamuua nyumbani.

Halafu Yosia, ambaye mama yake ni Yedida wa Boskati. Jina hilo maana yake ni "mupenzi". Alipewa ufalme akiwa na miaka 8, baba yake amechinjwa, na ukoo mzima ulikuwa umezoea mabaya ya Manase kwa nusu ya karne. Mutoto wa miaka 8 nani anamufundisha? Alitii kuliko baba zake wote. Alitengeneza hekalu, na kitabu kinasema kwamba mafundi walipewa feza bila kuombwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. (Katika likelemba yetu tutaendelea na kaye ya hesabu. Tusichukue kila jambo katika Maandiko kuwa amri.) Kitabu cha Sheria kilipopatikana hekaluni katika mwaka wake wa 18, Yosia alipasua mavazi yake kwa uchungu, akatuma watu wakubwa waende kumuuliza Mungu. Yeremia alikuwa amekwisha kuanza kutabiri wakati ule. Lakini hawakuenda kwake. Walienda kwa Hulda, muke wa Shalumu mulinzi wa mavazi, nyumbani kwake katika mutaa wa pili wa Yerusalema. Kuhani mukubwa na mwandishi wa mufalme walisimama mbele ya mama huyo kusikia kama nchi itaishi au itakufa.

Hulda hakuwapendeza kwa maneno laini. Alisema mabaya yatakuja juu ya muji huu. Juu ya Yosia mwenyewe alisema kwamba kwa sababu moyo wake ulilainika, hataona mabaya hayo, atakusanywa kwa baba zake katika amani.

Na Yosia alikufa namna gani? Farao Neko wa Misri alikuwa anapita na jeshi lake, Yosia akaenda kumuzuia kule Megido, mwaka wa 609 mbele ya Kristo. Wapiga mishale wakamupiga. Alikuwa na miaka mingapi? 8 na 31: miaka 39.

Tulinyamaza wote tulipofika hapo. Miaka 39 ni ile ile ambayo Hezekia aligonjwa. Wafalme wawili wazuri, wa ukoo mumoja, wenye umri mumoja. Mumoja akaongezewa miaka 15, na ndani yake akazaliwa Manase. Mwingine akapewa mushale. Kitabu cha Wafalme kinasema wazi kwamba hakuna mufalme aliyemurudia Mungu kama Yosia, na mustari unaofuata unasema kwamba hata hivyo hasira juu ya Yuda haikupoa, kwa sababu ya Manase. Tunajua Mambo ya Nyakati inasema Yosia alikosea kwa kutosikia onyo la Neko siku ile. Tumelisoma pia. Lakini hata ukiliweka kosa hilo la siku moja katika mizani na miaka 55 ya Manase, mizani hailali sawa.

Mutu ambaye angeweza kumuhukumu Yosia vizuri ni Yeremia. Maneno ya kukemea hayakumukosa. Alikemea makuhani, alikemea wafalme. Alipokufa Yosia alifanya nini? Alimulilia. Alimutungia wimbo wa kilio, na waimbaji, wanaume kwa wanawake, wakaendelea kumulilia Yosia katika nyimbo zao miaka na miaka. Hakuna mahali ambapo Yeremia anaenda kwa Yedida kumuuliza alikosa nini katika kumulea. Na baadaye, akimukaripia Yehoyakimu mutoto wa Yosia aliyejijengea nyumba kubwa bila kulipa wafanyakazi, Yeremia alimukumbusha baba yake: alikula, akakunywa, akawatetea maskini, na huko ndiko kumujua Mungu. Hakumupima Yosia kwa hesabu ya miaka yake wala kwa Megido.

Wamama, wengi wetu tuna umri wa kukumbuka mwaka wa 2003. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa ule mupango wa kuondoka kwa hiari uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Walikuwa na deni la mishahara ya miezi mingi, wakapewa kiasi kimoja cha feza, na mambo yakaisha. Katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi nyumba zilibadilika katika mwaka mumoja. Wamama ndio waliouza makala na mafuta barabarani, waliolima mboga karibu na muto, waliopika bukari mara moja kwa siku na kuwaambia watoto kwamba sombe inashibisha. Wakati ule pia kulikuwa na wahubiri waliosema baba fulani amepoteza kazi kwa sababu nyumba yake haina utii. Je, nyumba zaidi ya 10,000 ziliacha kumutii Mungu katika mwaka ule ule? Na wale waliotajirika, wote walikuwa akina Hezekia?

Siku ya kwanza iliyopita, sita kati yetu tulienda kwake. Hatukupeleka somo. Tulipeleka bunga, sabuni, na kitu cha hesabu: kikundi kimekubali kwamba zamu aliyoichukua mbele ya wakati inahesabiwa kuwa musaada wa kilio, kwa hiyo zamu yake ya kweli inabaki pale ilipokuwa, mwezi wa nane. Mumoja wetu, yule aliyesema lile neno wakati wa kupepeta, aliomba abaki peke yake naye, na sisi wengine tukatoka nje kwenye uwanja. Walikaa muda murefu. Tulipoitwa ndani, mwenye nyumba alikuwa anaosha vikombe, na aliuliza tumefika wapi katika masomo.

Tulimuambia tumefika Megido.

Akasema ataleta Biblia yake. Basi kikundi cha siku ya ine kitakutana kwake juma hili, saa tisa, si kwenye kanisa. Kila mumoja alete kiti chake, kwa sababu viti havitoshi, na watakaoweza walete makala kidogo ya chai. Tutasoma 2 Wafalme sura ya 22 na ya 23 polepole, mupaka mwisho. Juma lijalo katika ukurasa huu: Atalia, mama ya mufalme aliyeua wajukuu wake, na Yehosheba, shangazi aliyemuficha mumoja wao katika chumba cha kulala.