Uhasibu Hautoki Kampala

Kila mwaka shule nyingi za sekondari hutenga siku ya kuwaeleza wanafunzi kuhusu kazi mbalimbali. Kwa upande wa uhasibu, nasema siku hiyo inawapoteza wanafunzi kuliko inavyowaelekeza. Mgeni huja na tai, husema mhasibu ni mtu wa benki au wa wizara, hutaja mshahara, hutaja CPA, hupigiwa makofi, kisha huondoka mapema asikose basi. Nilikaa katika siku kama hizo mara tatu nilipokuwa sekondari. Sikusikia neno Mpondwe, wala neno kahawa, wala neno soko. Tulitoka tukiamini kwamba uhasibu ni mali ya Kampala na anayeutaka sharti ahame.

Mimi nasomea ualimu, masomo yangu ni Kiswahili na Ujasiriamali. Baada ya miaka michache mtu atakayesimama mbele ya wanafunzi hao ni mimi, kwa hiyo siwezi kulinyamazia jambo hili.

Tuangalie Bwera. Mto Lhubiriha unatutenga na Kasindi, na siku ya soko pale Mpondwe mkono mmoja hushika shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo na dola ya Marekani. Mama yangu mdogo huuza samaki wakavu kwa wateja wa ng'ambo. Ana daftari la shule. Ukurasa wa kushoto ni mzigo uliotoka, wa kulia ni pesa zilizoingia, na nyuma kabisa ni majina ya wanaodaiwa, kila jina na alama yake ambayo yeye tu ndiye anaielewa. Tuseme leo anamkopesha mteja samaki wa dola 100, na dola moja ni shilingi 3,700. Mteja anarudi baada ya wiki tatu na kulipa dola zake zote 100, mtu mwaminifu kabisa, lakini dola imeshuka hadi 3,600. Shilingi 10,000 zimepotea na hakuna aliyeiba. Zimekwenda wapi? Zinaandikwa wapi? Je, ni hasara ya samaki au ni hasara ya dola?

Swali hilo lina jibu katika viwango vya kimataifa vya uhasibu, kiwango namba 21, kinachohusu mabadiliko ya thamani ya fedha za kigeni. Mwanafunzi wa chuo kikuu hukutana nacho baada ya kulipa ada za miaka, akakikariri kana kwamba kilizaliwa London na hakimhusu mtu wa kwao. Mtoto wa Bwera angeweza kukielewa akiwa kidato cha pili, kwa sababu hasara hiyo ameiona ikiliwa mezani kwao.

Kasese haina njaa ya mifano. Pale Kyarumba upo ushirika wa Bukonzo Joint, ambao wakulima wake huuza kahawa ya milima ya Rwenzori yenye vyeti vya kilimo hai na vya biashara ya haki. Vyeti hivyo havitolewi kwa ladha ya kahawa. Ni lazima kuwe na kumbukumbu zinazoonyesha kahawa imetoka kwa nani, kilo ngapi, na amelipwa kiasi gani. Ushirika huohuo unajulikana hata nje ya Uganda kwa kutumia michoro, ili hata asiyejua kusoma apange mambo yake. Mmoja wa michoro hiyo ni mti. Mizizi huonyesha nani katika nyumba anafanya kazi gani na nani analeta pesa. Matawi huonyesha pesa hizo zinamwendea nani na zinafanya nini. Mti ukiegemea upande mmoja, wenye nyumba wanauona wenyewe, na mara nyingi mwenye nyumba wa kiume ndiye anayeinamisha kichwa. Kama hiyo si mizania, basi mwalimu wangu wa uhasibu anieleze mizania ni nini.

Halafu kuna PDM. Tangu mwaka 2022 serikali imepanga kupeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka katika kila parishi, kupitia SACCO ya parishi, na kaya hukopeshwa hadi shilingi milioni moja. Wanasiasa wanabishana nani amepata na nani amenyimwa. Mimi nauliza jambo dogo zaidi: nani anaandika? Milioni 100 zinahitaji mtu anayejua tofauti ya mkopo uliolipwa na mkopo ulioahirishwa, na anayeweza kusimama chini ya mwembe akawasomea wanachama hesabu zao wakaelewa. Mtu huyo si lazima atoke Kampala. Afadhali asitoke huko, maana wanachama watamwogopa na hawatamuuliza kitu.

Hapo naingia katika lugha, na najua baadhi ya wahadhiri wangu hawatafurahi. Wanasema mitihani ni ya Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili katika uhasibu ni mapambo. Mitihani ni ya Kiingereza kweli. Lakini mzigo wa samaki pale mpakani haukubaliwi kwa Kiingereza. Unakubaliwa kwa Lukonzo, na asiyeijua hutumia Kiswahili. Luca Pacioli, mtawa aliyechapisha maelezo ya kuandika hesabu kwa pande mbili huko Venezia mwaka 1494, hakukiandika kitabu chake kwa Kilatini cha wasomi wa wakati wake. Alitumia Kiitaliano cha wafanyabiashara. Sisi tuna maneno tayari: mizania, urari, leja, wadai, wadaiwa, mkaguzi. Nchini Tanzania wanachama wa vyama vya akiba na mikopo husomewa hesabu zao kwa Kiswahili, na shilingi hazijakataa kujumlishwa.

Wapo watakaosema nawapunguzia watoto ndoto, nawafungia sokoni. Hapana. Nataka waambiwe ngazi yote, pamoja na sehemu ambazo mgeni wa tai huziruka. Waambiwe kwamba taasisi ya wahasibu wa Uganda, ICPAU, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kwamba mtu hawezi kujiita mhasibu aliyeidhinishwa kwa sababu tu ana shahada. Waambiwe kwamba ipo diploma ya ufundi wa uhasibu ya taasisi hiyo, na kwamba aliyeimaliza anaweza kuendelea na CPA hata kama hakupita chuo kikuu. Kwa mtoto ambaye baba yake hana ada, habari hiyo moja ina uzito kuliko hotuba nzima. Waambiwe pia kwamba mitihani hulipiwa na wengi huirudia. Nani alisema ukweli unavunja moyo? Kinachovunja moyo ni kugundua mambo hayo ukiwa na miaka 24 na deni la ada.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Basi tutende. Muhula ujao naenda Bwera kwa mazoezi ya kufundisha, na nawaomba wahadhiri watakaokuja kunikagua wasinitafute darasani siku ya soko. Nitakuwa Mpondwe na wanafunzi wangu, watano watano, kila kundi na mwenye meza mmoja aliyekubali kuwafungulia daftari lake. Mama mdogo ameshakubali. Ameweka sharti moja: wakikuta makosa wamwambie yeye kwanza, wasimwambie mume wake.