Kebo zatua Mombasa, kasi yaishia njiani

Mombasa ndiyo mlango wa intaneti wa Kenya. Kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilitua hapa mwaka 2009, SEACOM ikafuata mwaka huo huo, EASSy ikaanza kazi 2010, na nyingine zimekuja baadaye. Mtandao wa Nairobi na hata wa Kampala wapita chini ya mchanga wetu. Lakini mwambie mkaazi wa Mtongwe, Mlaleo au Chaani afungue eCitizen saa mbili usiku, utamuona akitazama kile kiduara kikizunguka mpaka asahau alichokuwa akitafuta.

Wale tuliokuwa tukienda saiba enzi za modemu za simu twaujua ugonjwa huu. Modemu iliandikwa 56K, yaani biti elfu 56 kwa sekunde. Hata lau ingefika hapo, faili ya megabaiti moja ingechukua zaidi ya dakika mbili. Na haikufika. Laini ya simu ilikuwa waya wa shaba wenye viungo vilivyoliwa na chumvi na unyevu, na modemu ikisikia kelele kwenye waya hupunguza kasi ili isikosee. Fundi aliyejua kazi yake hakukutuma dukani kununua modemu mpya. Aliinua mkono wa simu akasikiliza. Akisikia mkwaruzo, alitafuta waya mbovu, akaondoa eksitensheni, akachomeka modemu kwenye tundu la kwanza kwa waya mfupi. Kasi ilipanda bila gharama.

Alijua kwamba kasi yako ni ile ya kipande kibovu zaidi njiani. Leo kipande hicho kwa kawaida si bahari. Ndiyo, Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikasota. Hiyo ni ajali ya siku chache. Kusota kwa kila jioni ni kwa hapa hapa mtaani.

Tuseme mwenye mtambo amenunua megabiti 100 kwa sekunde, akaziuzia nyumba 60, kila moja ikiahidiwa 10. Asubuhi watu wako kazini, hakuna anayelalamika. Baada ya Isha kila nyumba ina filamu au mpira, na 100 ukizigawanya kwa 60 hata 2 hazitimii. Kuchanganya wateja si kosa lenyewe, makampuni makubwa pia hufanya hivyo na ndiyo sababu bei yashuka. Dhuluma ni kumficha mteja. Kongowea huuziwi pishi ya mchele bila kuiona pishi.

Kwa hivyo, kabla ya kugombana na mtu, pima. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, pima saa nne asubuhi, kisha saa mbili usiku. Ikiwa kwenye waya kasi ni nzuri lakini kwenye waifai ni mbovu, taabu iko ndani: itoe ruta nyuma ya televisheni, iweke juu, pasiwe na kuta nene za mawe kati yake na mnapokaa. Ikiwa hata kwenye waya yaanguka kila usiku, piga picha za vipimo kwa wiki nzima umpelekee aliyekuuzia. Hapo hawezi tena kukwambia "zima uwashe".

Hili si suala la filamu. Cheti cha tabia njema, maombi ya chuo kupitia KUCCPS, mkopo wa HELB na kodi, vyote vimehamia mtandaoni. Kijana wa Shika Adabu ambaye ukurasa umemgandia siku ya mwisho ya maombi hulipa nauli na pesa ya saiba kwa huduma ambayo nyumbani kwao tayari imelipiwa.

Serikali imeahidi kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya waifai ya umma. Vizuri. Vingapi vitakuwa Likoni, Kisauni na Changamwe, na kila kimoja kitagawiwa watu wangapi? Na Mamlaka ya Mawasiliano ina nguvu ya kumlazimisha kila muuzaji aandike kwenye risiti kasi ya chini atakayoitoa saa za jioni, badala ya ile ya juu peke yake. Wawakilishi wetu wa wadi wakija tena na mikutano ya maoni, waulizwe kama wamewahi kuipelekea mamlaka hiyo barua hata moja.