Mwizi Naye Ana Muumba



Kuna swali ambalo limekuwa likiniingia kwenye simu kila mara, nami nimeona nilijibu hapa ili wote wasome. Swali ni hili: "Mchungaji, mwizi akishikwa mtaani na watu wakaanza kumpiga, mimi niliyeokoka nifanye nini?" Na kuna mmoja aliyeongeza: "Na je, kama ni mimi aliyeniibia?"

Nijibu kwanza, halafu nieleze. Mtu wa Mungu hana ruhusa ya kurusha jiwe. Hana ruhusa ya kuleta tairi, kuchanga pesa za petroli, kushangilia, wala kusimama pale akirekodi video ya kutuma kwa grupu. Awe ni wewe uliyeibiwa au ni jirani, jibu ni lile lile.

Najua wengine mmeshakasirika, na hasira yenu naielewa. Humu ndani kuna ndugu aliyeibiwa pikipiki na bado anailipia mkopo kila wiki. Kuna mama aliyeamka alfajiri akakuta zizi ni tupu, ng'ombe wa maziwa ameenda na karo ya watoto imeenda naye. Kuna walioita gari la kubeba maiti kwa sababu kijana wao wa bodaboda alipigiwa simu na abiria usiku na hakurudi. Sizungumzi na watu wasiojua uchungu. Nazungumza nanyi kwa sababu mnaujua, na kwa sababu uchungu huo ndio shetani anautumia kutufanya wauaji tukiwa tumevaa tisheti za kanisa.

Fungua Biblia yako Kutoka 22, usome mstari wa kwanza hadi wa nne. Wengi hudhani Torati ilikuwa sheria ya kuua kila mkosaji. Soma tena. Aliyeiba ng'ombe akamchinja au kumwuza alitakiwa alipe ng'ombe watano. Aliyeshikwa na mnyama akiwa bado hai alilipa mara mbili. Mwizi alilipa, na asiyekuwa na kitu aliuzwa ili deni lilipwe. Hakuuawa kwa ajili ya mali.

Halafu angalia mistari ya katikati, wa pili na wa tatu. Mwizi akikutwa usiku akivunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia. Lakini kama jua limekwisha kuchomoza, aliyeua ana hatia ya damu. Kwa nini Mungu atofautishe? Gizani hujui huyo mtu amekuja na panga au na mikono mitupu, na watoto wako wamelala chumba cha pili. Unajitetea. Jua likichomoza, umemwona uso, ameshikwa, hana tena la kukufanya. Ukimwua hapo, Mungu anaidai damu yake kwako.

Sasa niambie, mpendwa. Yule kijana aliyefungwa kamba pale steji saa nne asubuhi, viatu vimetolewa, watu hamsini wamemzunguka: jua lake limechomoza au halijachomoza?

Tuje kwa jambo la pili, ushahidi. Kumbukumbu la Torati 17 inasema mtu asiuawe kwa neno la shahidi mmoja, na kwamba mashahidi wenyewe ndio watangulie kurusha jiwe. Mungu alitaka uzito wa kifo uanzie mkononi mwa yule anayesema "nilimwona". Kwetu ni kinyume. Anayepiga kofi la mwisho ndiye aliyefika mwisho, ametoka tu kwa matatu, hajui ni nini kiliibwa wala kiliibwa na nani. Amesikia neno "mwizi" na ameokota jiwe. Ndivyo ilivyokuwa Efeso katika Matendo 19. Mji mzima ulipiga kelele, na Luka anaandika kwamba wengi wao hawakujua hata kwa nini wamekusanyika. Aliyewatuliza alikuwa karani wa mji, na hatuambiwi kwamba alikuwa ameokoka. Aliwaambia kuwa mahakama ziko wazi, mwenye shtaka aende huko. Ni aibu kama karani yule anaweza kusimama mbele ya umati na sisi tunaonena kwa lugha hatuwezi.

Mnakumbuka Agosti 2021. Vijana wanne waliuawa na umati karibu na Kitengela kwa kushukiwa kuwa wezi wa mifugo, na familia zao zikalia zikisema watoto wao hawakuwa wezi. Oktoba mwaka huo huo, wanawake wanne wazee waliuawa kule Kisii kwa kuitwa wachawi. Kilifi nako wazee wamekuwa wakiuawa kwa jina hilo hilo la uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta ugomvi wa shamba la urithi. Umesikia? Ukitaka kummaliza mtu mliyekosana kwa sababu ya deni, ya mwanamke au ya mpaka, huhitaji bunduki. Unahitaji neno moja tu na wapita njia.

Pima jambo hili na serikali yetu. Sheria ya Kenya bado ina hukumu ya kifo, lakini haijanyonga mtu tangu 1987. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema kwamba jaji hawezi kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji. Ni lazima kwanza asikilize maombi ya mtu huyo kuhusu adhabu. Wakristo tunatofautiana kama serikali inafaa kunyonga, na wengine hutumia Warumi 13 kusema serikali imepewa upanga. Sawa. Lakini hata ukisoma Warumi 13 kwa ukali wote, upanga ule umepewa mwenye mamlaka. Haukupewa steji. Yaani tumefika mahali ambapo muuaji anasikilizwa na majaji, na kijana aliyenyakua simu anakuwa majivu kabla chai haijapoa.

Najua utaniambia nini. "Mchungaji, ukimpeleka stesheni anatoa hongo, kesho tunakutana naye hapa." Ni kweli hilo hutokea, na hongo ni dhambi, na polisi anayeuza kesi ya maskini atasimama mbele za Mungu. Lakini hebu tuangalie pia pande zetu. Mara ngapi kesi inaanguka kwa sababu aliyeibiwa hakwenda kuandikisha, au aliandikisha na akakataa kuja kortini kutoa ushahidi? Na zile mali huenda wapi? Simu ya wizi huuzwa kwa mtu. Spea za pikipiki ya wizi hufungwa kwenye pikipiki ya mtu. Sheria yetu ya jinai inampa mwizi wa kawaida kifungo kisichozidi miaka 3, lakini anayepokea mali ya wizi akijua ni ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14. Sheria imeona kitu ambacho sisi hatutaki kuona. Wewe unayenunua simu nzuri kwa bei ya kutupa, bila risiti, kisha unasema "Mungu amenifungulia mlango", mlango huo ulifunguliwa na nani?

Na tukiwa wakweli, hasira yetu huchagua. Mwizi wa kuku tunamchoma. Anayetuhumiwa kula pesa za dawa za hospitali anakuja kanisani Jumapili, tunamtolea kiti cha mbele, tunampa maikrofoni, na bahasha yake tunaipigia makofi. Sisemi tumchome naye. Nasema kama kweli kinachotuuma ni wizi, tungeanzia juu. Tunampiga yule ambaye hana wa kumtetea, halafu tunaiita haki.

Hapa ndipo nataka kanisa linisikie. Sisi tumezoea kupaza sauti kuhusu uhai. Mwaka 2010, wakati wa kura ya maamuzi, viongozi wengi wa makanisa walisimama kuipinga Katiba, na sababu moja kubwa ilikuwa vipengele vya kutoa mimba. Katiba ilipita. Utangulizi wake unamkiri Mwenyezi Mungu, na Kifungu cha 26 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi, na kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Nami ninaamini hivyo kwa moyo wangu wote. Lakini fikiria mtoto aliyekuwa tumboni mwaka ule. Leo ni kijana. Pengine aliacha shule, pengine yuko kwa gengi, pengine ndiye huyo ameshikwa na simu ya mtu. Je, uhai wake ulikuwa mtakatifu mpaka siku aliyozaliwa tu? Tukimtetea akiwa tumboni kisha tunapita kando akichomwa, wasioamini watatuuliza tulikuwa tunatetea nini, na hatutakuwa na jibu.

Wengine husema dini ikae kanisani, isiingie mambo ya mtaa. Mimi nasema steji ndipo dini yetu inapojulikana. Bunge linafunguliwa kwa maombi, kortini watu huapa wakiwa wameshika Biblia, mikutano yetu yote huanza kwa sala. Hayo ni mazuri. Lakini Mungu anatafuta mtu atakayesema "jamani, tumpeleke stesheni" wakati watu hamsini wanasema "choma".

Kwa hivyo fanya hivi.

Weka kwa simu yako leo namba ya OCS wa kituo chenu, ya chifu na ya mzee wa Nyumba Kumi. Namba za dharura za polisi ni 999 na 112. Mwizi akishikwa, piga mara moja, usingoje mwingine apige.

Usiingie katikati ya umati peke yako. Ita wenzako, ita mchungaji yeyote aliye karibu, ita wazee wa steji. Mtu mmoja humezwa, lakini watu watano wakisimama pamoja hubadilisha upepo.

Usirekodi na usisambaze. Mama yake ataiona hiyo video.

Ukiibiwa, andikisha, chukua namba ya OB, na siku ya korti enda. Ukitaka haki ipatikane, shahidi ni wewe.

Na akiwa ameshauawa, nenda matanga. Familia hizi huzika kwa aibu, wengine usiku, bila mchungaji, bila wimbo. Mama hana hatia ya damu wala ya wizi, na mara nyingi ni mshirika wetu. Anakaa kiti cha nyuma, na tangu siku ile hajaomba mbele za watu.

Katika Kumbukumbu la Torati 21, maiti ya mtu aliyeuawa ikionekana shambani na muuaji hajulikani, wazee walitoka wakapima umbali hadi miji ya karibu. Mji uliokuwa karibu zaidi, wazee wake walitakiwa wasimame mbele za Mungu na kunawa mikono, wakitamka kwamba hawakumwaga damu hiyo wala macho yao hayakuona. Mpendwa, kamba hiyo ikivutwa leo kutoka kwenye lile doa jeusi barabarani, itafika kwa mlango wa kanisa gani? Na wazee wake wataweza kusema macho yao hayakuona, na video iko kwenye simu zao?

Yesu alikufa katikati ya wahalifu wawili. Mmoja alikiri mwenyewe kwamba alistahili adhabu yake, na siku hiyo hiyo akaahidiwa paradiso. Na Paulo, akiandika kwa Waefeso, sura ya 4 mstari wa 28, anamwambia aliyekuwa akiiba asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake ili apate cha kumpa mhitaji. Maana yake ndani ya lile kanisa Paulo aliona mahali pa mtu aliyekuwa mwizi, na alimtarajia awe mtoaji. Kama Waefeso wangewachoma wezi wao wote, mstari huo angeandikiwa nani?

Tuombe. Baba, tulinde sisi na mali zetu, kwa maana umeona jasho letu. Wafariji walioibiwa na waliofiwa. Washike mkono vijana wetu kabla hawajanyoosha mkono kwa mali ya mtu. Wape polisi na mahakimu wetu hofu yako. Na siku umati utakapopiga kelele karibu nasi, tupe kinywa cha kusema na miguu ya kusimama. Katika jina la Yesu, Amina.

Kabla hujaandika Amina hapo chini, weka kwanza ile namba ya OCS kwa simu yako. Halafu mtumie ujumbe huu mwendesha bodaboda mmoja unayemjua.

Mbarikiwe.
Mchungaji wenu.